Maji ya Mlango wa Mbele

Jumatano moja ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1957, Syokau, mke wa Muthoka, alisimama ndani ya kibanda cha fundi bati huko Majengo, Thika, akawa anagonga kwa kidole gata, mifereji ya bati ya kukingia maji ya paa, zilizoegemezwa ukutani. Aligonga moja baada ya nyingine, akainamisha kichwa kusikiliza, kama mtu anayechagua chungu. Zilizolia kwa sauti nyembamba alizipita. Zilizolia kwa sauti nzito alizirudia. Fundi Faki alikuwa amechuchumaa kando ya jiko lake la makaa akipasha moto chuma cha kulehemu. Alimwacha amalize.

Alipomaliza alieleza nyumba yake. Ilikuwa Gatuanyaga, katika pembe ya shamba la mkonge la Bwana Tarrant, mahali ambapo wafanyakazi wa siku nyingi waliruhusiwa kujenga. Kuta zilikuwa za udongo, zimepakwa chokaa upande wa mbele. Paa lilikuwa la mabati mapya, lenye miteremko miwili, mmoja ukielekea barabara na mwingine ukielekea bonde. Hakukuwa na paa lingine la mabati katika kambi nzima. Ruhusa yake ilitoka kinywani mwa Bwana Tarrant mwenyewe, baada ya Muthoka kuitumikia mashine ya mkonge tangu hajaota ndevu. Sasa Syokau alitaka gata pande zote mbili, na tangi, na maji yote yateremke mbele, kando ya mlango.

Faki alichukua kipande cha kaa akachora nyumba sakafuni. Aliuliza ardhi inainama wapi. Syokau akamwonyesha: nyuma, bondeni. Basi fundi akachora tangi nyuma, na bomba moja fupi. Alieleza kwamba kwa njia hiyo mama hatahitaji kona, wala viwiko vya bomba, wala vyuma vingi vya kushikilia. Kazi ya siku moja.

"Hapana," Syokau alisema. "Mbele."

"Mama, maji hayajui mbele wala nyuma. Yanajua chini tu."

"Ndiyo maana nimeyaletea mwalimu."

Mwanaharusi, mke wa Faki, alikuwa mlangoni akikaanga vitumbua. Alicheka bila kugeuka, akamwambia mumewe kwamba leo amepata mteja, si wale wa kuziba sufuria. Faki akaifuta ile picha kwa kiganja, akaanza kuchora upya.

Syokau hakueleza kwa nini mbele, lakini wanawake wote wa kambi walijua. Kabla ya pampu kuletwa, maji ya nyumba kubwa ya Bwana Tarrant yalipandishwa kutoka mtoni kwa migongo. Mwanamke aliyeolewa na mfanyakazi wa shamba hilo aliirithi shughuli hiyo kwa mama mkwe wake, pamoja na ukanda wa ngozi wa kubebea debe, unaopitishwa kwenye paji la uso. Haikuitwa kazi. Iliitwa kusaidia. Muthoka alikuwa na kadi na namba ya kazi. Syokau alikuwa na debe. Kila asubuhi, na tena saa kumi alasiri, alipanda kilima, akapita kando ya mawaridi ya mama mwenye nyumba, akapita veranda, akazunguka mpaka mlango wa nyuma, kwa sababu maji hayakuruhusiwa kuingia kwa mbele. Pampu ilipokuja aliambiwa asante, akarudi kwake. Paji lake la uso lilibaki na mfereji mdogo pale ukanda ulipokaa. Mvua ikimkuta nje, maji yaliufuata mfereji huo vizuri mpaka sikioni.

Mwaka huo, baada ya masika, mwanawe Munyao, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kahawa Ruiru, alimwoa Mbithe. Siku ya kumpokea bibi harusi, Syokau alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema kwamba msichana huyu hatabeba maji kupeleka kwa mtu yeyote. Wazee walisikia. Wazazi wa Mbithe walisikia pia, na mama yake akaanza kulia kwa furaha. Tangu siku hiyo Syokau alikuwa akisuka vyondo mchana na jioni na kuviuza soko la Thika, akitafuta hela za gata.

Hakutaka kununua kwa pupa. Munyao alimwambia kwamba Ruiru kuna duka linalouza gata za kiwandani, zilizokwisha pakwa rangi, hata kona zake zimo. Kwa hiyo alipanda gari moshi akaenda Ruiru kuziangalia. Zilikuwa nzuri, lakini alipozigonga zililia kama bati la sigara. Kisha akarudi stesheni mapema, akasimama kando ya jengo akatazama gata za paa lake: jinsi zilivyoning'inia kwenye vyuma vyake, jinsi bomba lilivyopinda kuukwepa ukuta kabla ya kuteremka. Askari mmoja alimwendea akataka kibali chake cha kusafiri, akamwuliza anafanya nini hapo. Syokau akampa kibali, akajibu kwamba anaangalia gata. Askari aliinua macho akaangalia pia. Wakasimama hivyo kwa muda, mpaka askari akasema kwamba kile chuma cha tatu kimelegea, na Syokau akakubali.

Kwa hiyo alipofika kwa Faki alijua anachotaka. Alichagua gata pana, za bati zito, kwa sababu mvua ya Gatuanyaga huja mara chache lakini ikija huja kwa hasira. Vyuma vya kushikilia alivitaka vya bapa, vipigiliwe karibu karibu. Kwenye kona alikataa kiungo cha kupachikwa, akataka kona ilehemiwe kwa risasi ndani na nje. Alitaka vifuniko vya mwisho vyenye ukingo, na chujio la waya pale bomba linapoanzia, ili majani ya mgunga yasiingie. Juu ya viwiko walibishana. Faki alipenda kiwiko kikali kwa kuwa kinapendeza. Syokau alisema maji yaliyozunguka nyumba nzima yatakuwa yamechoka, yapewe kiwiko cha taratibu. Faki alifikiri kidogo, akakubali.

Mwisho alitaka kipande kimoja ambacho Faki hakuwa amekitengeneza kwa mtu yeyote wa kambi za mkonge: bomba dogo la pembeni lenye kizibo, la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, kabla ya maji safi kuingia kwenye tangi.

"Hilo liko kwenye nyumba za Wazungu," Faki alisema.

"Ndiko nilikoliona. Nilikuwa natua debe chini yake."

Faki alileta vitu hivyo Jumamosi moja ya Septemba kwa mkokoteni wa punda. Muthoka alishika ngazi. Kupima mwinamo, fundi alitumia chupa ya maji iliyolazwa juu ya ubao, akitazama kiputo chake kinakwenda wapi. Kwa kuwa gata ya nyuma ilipaswa kuzunguka ubavu wote wa nyumba ndipo ifike mbele, aliianzisha juu kabisa, karibu iguse bati, akaiteremsha kidogo kidogo kwa namna ambayo jicho halikuona. Alipomaliza, Mbithe alipanda ngazi na birika, akamimina maji upande wa nyuma. Wote wakaenda mbele wakangoja. Maji yalichukua muda, kisha yakaingia tangini kwa sauti ya mtu anayeweka sarafu moja moja kwenye sahani.

Syokau aliweka kiti mbele ya mlango akakaa. Jogoo alikuwa amefungwa tayari. Faki alimchinja mwenyewe kama dini yake inavyotaka, Mbithe akampika, wakala wote wakilitazama tangi. Watu wa kambi waliokuwa wakirudi sokoni walisimama barabarani kulisifia. Syokau aliitikia kila salamu, akamweleza kila mtu kuhusu kile kiwiko.

Asubuhi iliyofuata mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu hata moja, kama inavyokuwa mwezi ule. Saa moja kasoro hivi gata ya nyuma ilianza kulia. Mbithe, aliyekuwa akifagia uwanja, aliweka ufagio chini akatazama juu. Bati lilikuwa kavu. Ndani ya gata maji yalikuwa yakitembea. Hayakuja kama mvua, mfululizo. Yalikuja funda moja kubwa, yakazunguka ubavu wa nyumba, yakapita kwenye kiwiko, yakaingia tangini. Kisha kimya cha muda mrefu. Kisha funda lingine.

Mbithe alikinga kikombe akampelekea mama mkwe wake kitandani. Syokau akaonja.

"Yana mafuta ya taa," Mbithe alisema.

"Debe langu la kwanza lilikuwa la mafuta ya taa, jipya kutoka dukani," Syokau alijibu. "Harufu ilichukua mwezi mzima kuisha. Mwambie baba yako asiwape mbuzi maji haya."

Alivaa, akatoka, akakaa kwenye kiti chake. Funda la tatu lilipokuja alitikisa kichwa. Aliujua mwendo huo. Maji yalikuwa yanakuja haraka kwenye ubavu wa nyumba, kisha yanasita pale kwenye kona, kisha yanaendelea polepole zaidi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipanda kilima siku hizo alipokuwa bibi harusi, akipumzika kidogo kwenye jiwe la katikati. Yalikoma saa ileile aliyokuwa akikoma yeye. Saa kumi alasiri yakaanza tena.

Baada ya ibada majirani walikuja na vibuyu. Hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi, kwa kuwa wanawake waliyatambua na wanaume waliambiwa na wake zao. Wakonyo, mjane wa nyumba ya nne, aliyebeba debe kabla ya Syokau na kuharibika nyonga kwa kazi hiyo, alisimama chini ya bomba akasikiliza, akasema kwamba kumbe Syokau alikuwa anapumzika sana. Syokau akamjibu kwamba kama Wakonyo naye angalipumzika, sasa angekuwa anacheza ngoma. Wakacheka mpaka Wakonyo akalazimika kushika tangi. Kisha akauliza kwa upole kama na yeye anaweza kupata gata. Lakini paa lake lilikuwa la nyasi, kama ya wengine wote, na gata haishiki kwenye nyasi. Ruhusa ya mabati ilikuwa ya nyumba moja tu.

Faki alipopata habari alikuja kwa baiskeli kutoka Thika. Alipanda, akapitisha kidole kwenye kila kona akitafuta unyevu, akashuka na kidole kikavu. Aliridhika sana. Alimwambia Muthoka kwamba kazi iliyolehemiwa vizuri haichagui maji.

Hivyo ikawa kila siku, siku moja kwa siku moja, kwa mpangilio uleule wa zamani. Tangi lilijaa likabaki limejaa, hata kambi ikiteka. Mbithe alipanda sukuma wiki na vitunguu mbele ya nyumba, kando ya barabara ambapo kila mtu angeona. Syokau alizoea kusikiliza mwendo wake mwenyewe akisuka. Kulikuwa na siku alizopanda kilima akiimba, na maji ya siku hizo yaliingia tangini kwa kurukaruka. Kulikuwa na miezi maji yalipokuja mazito na ya taratibu, akajua ni mimba ya Nduku, mtoto wake wa kwanza. Aliwaambia wote nyumbani wamnyamazie Nduku. Hata Muthoka, ambaye hakuwa mtu wa kukaa, alirudi mapema kutoka kwenye mashine akakaa chini ya bomba na kofia yake magotini.

Asubuhi moja ya Novemba ya mwaka uliofuata hakuna kilichokuja. Gata ilikuwa kimya. Syokau alijua ni siku gani, na Muthoka pia alijua, kwa kuwa ni yeye aliyemchimbia Nduku kile kishimo kidogo kabla jua halijapanda, kisha akaitwa kwenye mashine kwa zamu ya mchana. Walikaa chini ya bomba. Walidhani kimya hicho kingeendelea mpaka siku iliyofuata.

Saa kumi maji yalianza. Yalikuja funda baada ya funda bila kusita kwenye kona, yakaendelea kupita saa ya kawaida, yakaendelea mpaka kuku wakaingia. Yalikuwa mara mbili ya maji ya alasiri nyingine yoyote.

"Ulienda?" Muthoka aliuliza.

"Walisema asubuhi sikuleta."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umechoka."

Muthoka alinyanyuka akalishika bomba kwa mkono wake, pale chini ya kiwiko, akabaki amelishika mpaka funda la mwisho lilipopita. Kisha akaingia ndani. Mbithe aliyakinga maji ya siku hiyo kwenye mtungi wake peke yake, na hakuna aliyeyanywa wala kuyamwaga.

Kule juu kwenye nyumba kubwa maji yalikuwa yanapungua tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Pampu ilivuta vizuri, mnara wa tangi haukuvuja, lakini kila asubuhi na kila saa kumi maji yalishuka kwa kiasi cha debe moja, kisha lingine. Fundi wa mitambo aliitwa kutoka Thika, akafungua pampu, akaifunga, akasema ni nzima. Mawaridi yalianza kukauka. Hatimaye Bwana Tarrant alimtuma nyapara wake, Musau, kwenda kuangalia kambi.

Musau alikuwa mwana wa mjomba wa Muthoka na alipenda mzaha. Alisimama mbele ya vitunguu akavua kofia.

"Mama Munyao, siku hizi hata mawingu yanauliza nyumba ya tajiri iko wapi?"

"Mawingu hayajaja hapa, Musau. Hayo ni ya mama yako na mimi. Ya mama yako bado hayajafika, ukingoja utayasikia."

Musau alirudisha kofia kichwani. Mama yake alikuwa amekufa zamani, na alikuwa ameibeba kazi ile mpaka mwisho. Alikaa kidogo kusikiliza, ikawa si zamu ya mama yake. Kisha akapanda kilima kutoa ripoti, akatembea polepole.

Bwana Tarrant alikuja mwenyewe siku iliyofuata, saa kumi kasoro, kwa Landrova. Hakuwa mtu wa makelele. Alizunguka nyumba akiangalia gata, akagusa ile kona iliyolehemiwa, akauliza kazi hii ni ya nani, akaambiwa ni ya Faki wa Majengo. Alisema ni kazi nzuri, na Syokau akaitikia kwamba ndiyo, ni nzuri. Kisha maji yakaanza. Bwana Tarrant aliomba kikombe, akaonja, akakaa na maji mdomoni kwa muda kabla ya kumeza.

"Hii maji iko ya nyumba yangu," alisema.

"Kweli, Bwana," Syokau alisema. "Na ilifikaje kwa nyumba yako?"

"Ililetwa."

"Na nani?"

Bwana Tarrant alitazama paa, akatazama vitunguu. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayetaka kueleweka, kwamba wanawake walikuwa wengi, na walikuja na kuondoka, na hakuna mtu anayeweza kukumbuka majina yote. Walikuwa wakisaidia. Alishukuru. Shamba halijawahi kuandika mwanamke yeyote kwa kazi ya maji, kwa hiyo hakuna deni, na kama hakuna deni, maji haya hayana sababu ya kuondoka kwake. Lakini yanaondoka. Basi atayashughulikia kama yanavyopaswa kushughulikiwa.

Kisha akatoa uamuzi wake. Nyumba itabaki. Mabati yatabaki. Gata pia zibaki, kwa kuwa zikiondolewa maji yataanguka ovyo na kula ardhi ya shamba. Lakini maji yatarudishwa juu, asubuhi na alasiri, kama ilivyokuwa. Wanawake wa nyumba hii watasaidia. Akamtazama Muthoka akaongeza kwamba ruhusa ya kukaa hapa ilitolewa kwa mdomo tu, na Muthoka anajua.

Muthoka alisema anajua.

"Nitabeba mimi," Syokau alisema.

Musau, aliyesimama nyuma ya gari, alikohoa. Alisema kwa Kikamba, akitazama chini, kwamba Bwana amemwambia wazi kuwa anamtaka yule msichana, Mbithe. Shingo ya mama haitafika juu.

"Nilisema mbele ya wazee," Syokau alimjibu kwa lugha hiyohiyo. "Mama yake alilia. Uliona. Ulikuwepo, ulikula nyama."

"Nilikuwepo," Musau alisema.

Ndipo Mbithe alipotoka ndani. Alikuwa ameuchukua ukanda kutoka msumarini nyuma ya mlango, ule wa zamani, akaupaka mafuta ili ulainike, na mikono yake iling'aa kwa mafuta hayo.

"Mwaitu, mama, wewe kaa," alisema. "Wewe unabeba tayari. Sikiliza."

Wote walisikiliza. Juu yao maji ya Syokau yalikuwa yanazunguka ubavu wa nyumba, yanasita kwenye kona, yanaendelea. Alikuwa kijana huko, siku chache baada ya kumzika mtoto wake, na alikuwa anapanda kilima.

Syokau alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Bwana Tarrant, jambo ambalo hakuna kati yao aliyewahi kupata nafasi ya kuliona, kwa kuwa siku zote alipokuwa karibu naye alikuwa ameinama.

"Basi atatekea hapa mbele," alisema. "Na kutoka kwangu ataondoka kwa mlango huu. Kwako utajua wewe."

Bwana Tarrant alisema hilo halimsumbui. Alimrudishia kikombe, akamshukuru kwa maji, akapanda gari. Alipokuwa akigeuza, alijali sana asikanyage vitunguu.

Jumatatu Mbithe aliamka kabla ya wengine. Munyao alikuwa Ruiru na hangejua mpaka mwisho wa mwezi. Syokau alifungua bomba la tangi yeye mwenyewe, akajaza debe, akaweka majani juu ili maji yasirukeruke. Alimfunga Mbithe ukanda, akauvuta juu kidogo, akauteremsha, akatafuta mahali ambapo mfupa wa paji ni mnene. Alimwonyesha jinsi ya kushika ukanda kwa mikono miwili kando ya masikio ili shingo isiachiwe uzito wote. Hakumwambia kuhusu jiwe la katikati, kwa kuwa kila mtu hulipata mwenyewe. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Wakonyo alimwita Mbithe jina la kumsifu, jina la ukoo wa mama yake, na wengine wakaitikia. Mbithe akapita mbele yao na debe mgongoni akashika njia ya nyumba kubwa.

Syokau na Muthoka walikaa mbele ya mlango. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati. Zamu ya maji ya Syokau ilikuwa imekwisha kupita asubuhi hiyo, na gata ilipaswa kuwa kimya mpaka alasiri. Lakini baada ya muda, yapata wakati ambao mtu mwenye miguu mizuri angefika kwenye mlango wa nyuma na kutua, gata ililia.

Lilikuwa funda moja. Lilizunguka ubavu wa nyumba kwa hatua nyepesi, za haraka, zilizolingana. Halikusita kwenye kona. Likapita kwenye kiwiko, likaingia tangini lote kwa mara moja.

"Hapumziki," Muthoka alisema.

"Bado ni kijana. Lakini sikia." Syokau aliinua kidole, akangoja mpaka tone la mwisho. "Debe limefika limejaa. Hajamwaga hata kidogo, na siku ya kwanza, na kile kilima. Anatembea vizuri huyu."

Alilisema tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa majirani ambao walikuwa bado milangoni, nao wakakubali kwamba Mbithe anatembea vizuri sana. Kisha akanyanyuka akaenda kukoleza moto wa uji, kwa sababu ni mwendo mrefu kuzunguka ile veranda na kuteremka, na msichana angerudi na njaa, ateke debe la pili.